Mwaka Niliokuwa Macho ya Mama Beya

Tulimzika Tantine Anto, mama yangu mdogo, Jumamosi. Jumapili asubuhi, tukiwa bado tumekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba yake ya Kapata, mwanamke mmoja aliyekuja kutoa pole alishuka vibaya kwenye pikipiki na mguu ukampinda. Hata hajanyanyuka pale chini, tayari watu watatu walikuwa wameshaita maji ya moto. Hakuna aliyemvua kiatu. Hakuna aliyemwuliza kama anaweza kukanyaga, wala aliyeutazama mguu wa pili, ule mzima, ili ajue huu mbaya umebadilika namna gani. Maji ya moto tu, na chumvi, na mtu mwenye mikono yenye nguvu. Nilipiga magoti, nikamvua kiatu, nikaitazama miguu yote miwili pamoja. Ulikuwa umeteguka, basi. Mifupa ilikuwa mahali pake, vidole vilicheza, na alipojaribu kukanyaga aliweza, ingawa kwa kulia. Nikasema afungwe, awekewe kitambaa cha maji baridi, mguu uwekwe juu ya kiti. "Mama ya radio, njo docteur sasa?" mtu akasema nyuma yangu, yaani mtangazaji wa redio ndiye daktari siku hizi, na watu wakacheka, maana hata msibani watu hucheka. Niliendelea kuufunga mguu. Yule aliyenifundisha kutazama viungo alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kukasirika kuliko mimi, na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti.

Katika nyumba hiyo hiyo niliishi mwaka mmoja, mwaka niliorudia la sita, darasa la mwisho la sekondari, baada ya kuanguka mtihani wa serikali. Nilitoka Sandoa na sanduku la bati, nikapewa chumba cha nyuma. Nyumba za Kapata zilijengwa na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi wake, mistari mirefu ya nyumba zinazofanana, kiasi kwamba mlevi anaweza kuingia kwa jirani, akala, akalala, na asigundue kosa lake mpaka asubuhi. Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo lisilo na kioo, lililotazama uani, na chini ya dirisha hilo ndipo palipowekwa mbabula, jiko la makaa. Moshi wote wa sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ulipitia kwangu kwanza kabla ya kwenda mbinguni. Maneno pia. Ukuta wa kuelekea sebuleni ulikuwa mwembamba, na mwaka ule nilijifunza kujua nani ameingia kwa kukohoa kwake, nani anadanganya kwa jinsi anavyochelewa kujibu, na nani atabaki kula kwa jinsi anavyosifu harufu. Nilipaswa kuwa nikisoma kemia. Nilikuwa nikisikiliza watu.

Chumba cha mbele kilikuwa cha Kapend, mwana wa Tantine, aliyekuwa amemwoa Nadège na aliyechimba shaba kwenye mashimo ya nje ya mji pamoja na vijana wengine waliotoka kila upande wa Kongo. Mama yake Nadège, Mama Beya, alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo ng'ambo ya barabara kubwa, muuguzi wake pekee. Na hapo ndipo penye shida yote, kwa hiyo nieleze vizuri. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na hawaingii chumba kimoja. Kapend akimwona Mama Beya anakuja njiani, alikuwa anaingia majanini kama mtu aliyeona nyoka. Kuna karamu ya kuondoa mwiko huo, ambapo upande wa mke hupika na kumwingiza mkwe rasmi, lakini familia zetu mbili zilikuwa zimeiahirisha mara nyingi, mara kwa sababu ya msiba, mara kwa sababu ya ubishi kuhusu nani aalikwe. Kwa hiyo mwanamke aliyechoma sindano matako ya nusu ya Kapata hakuwa na ruhusa ya kuona hata bega la mkwe wake mwenyewe.

Kapend aliletwa mchana, amekaa kati ya watu wawili juu ya pikipiki, ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto jinsi mtu anavyobeba mtoto mchanga. Alikuwa akipanda kutoka shimoni, mahali pa kukanyaga pakabomoka, akaangukia kiganja. Kiwiko kilikuwa kimevimba, na nyuma yake palichomoza kitu kama kisigino. Nilikiona kile kisigino kabla ya kitu kingine chochote. Nikawaambia. Tantine akasema, "Ni fulire tu," yaani kiungo kimeteguka, neno la Kifaransa ambalo Kapata lilitosha kwa kila kitu, kuanzia kidole cha mguu mpaka shingo. Akatuma mtu amwite Tata Muteb.

Tata Muteb alikuwa dereva mstaafu wa magari makubwa, mtu mwema, mwenye vidole vinene, na sifa yake ilitokana na kukanda vifundo vya wachezaji mpira kila Jumapili. Walipona, kwa sababu kifundo kilichoteguka hupona hata ukikiimbia wimbo tu. Aliketi mbele ya Kapend, akalowesha kitambaa katika maji yaliyokuwa yanatoa mvuke, akaanza. Kapend alipiga kelele ambayo iliwaleta majirani mlangoni. "Lia, mwanangu, lia," Tata Muteb akasema kwa upole. "Mufupa inasikia mukubwa wake." Kisha akaushika mkono na kuuvuta. Kitu kilisikika, kidogo, kama mtu anayevunja kijiti. "Ko! Mumesikia? Imerudia." Wote wakashukuru. Mkono haukuwa umebadilika sura hata kidogo. Kisigino kilikuwa pale pale.

Kesho yake ukaanza msururu. Kapata mtu hamtembelei mgonjwa kwa mikono mitupu, na kwetu sisi mikono mitupu ina maana yake halisi: mgeni lazima afanye jambo. Wenye sala waliomba wakiwa wameshika kiwiko, tena kwa nguvu, kulingana na imani. Shangazi mmoja alileta mafuta ya mawese. Mwingine alipaka dawa ya meno. Kila mkubwa aliyefika alikaa, akasalimia, akauliza habari, kisha akanyoosha mkono na kukanda, na Kapend hakuweza kusema hapana, maana kukataa mkono wa mkubwa ni kumwambia kwamba ana nia mbaya. Tantine aliwapa wote munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Mimi nilichochea makaa, nikachemsha maji, nikasikiliza kelele kupitia ukutani, nikiwa na kitabu cha kemia mapajani, na nakumbuka nilivyotamani sufuria itoboke.

Alasiri ya siku hiyo Mama Beya alikuja kusalimia, kama desturi inavyotaka. Na kama desturi inavyotaka, hakuingia. Alichukua kigoda, akakiweka uani chini ya dirisha langu, akakaa ameupa ukuta mgongo. Alikuwa bado na gauni jeupe la kazini. Ndani, mtu alikuwa katika zamu yake ya kukanda, na Kapend alilia.

"Ni nani uko mule mu chumba?" akauliza bila kugeuka.

"Mi, Régine."

"Banamufanya nini mutoto ya batu?"

"Banamukanda, mama. Na maji ya moto. Tangu jana."

Akasema, "Nenda uangalie mukono, urudie hapa. Usiniambie bile unafikiria. Uniambie bile unaona."

Nilikwenda, nikarudi na kusema mkono umevimba sana. Akasema, "Ile hata mbuzi inaweza kuniambia. Uliangalia ile muzuri?" Sikuwa nimeuangalia. Kwa nini niangalie mkono usioumwa? "Ile muzuri njo ya kwanza," akasema. "Mungu alimupa mbili juu moja ikiharibika, ingine itoe ushahidi. Rudi."

Basi nikawa naenda na kurudi, kati ya sebule na dirisha, huku wageni wakinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Akaniambia nitafute mifupa mitatu ya kiwiko kwa ncha ya kidole: mmoja upande wa ndani, mmoja upande wa nje, na ule wa nyuma tunaouegemea mezani. Mtu akikunja mkono, mitatu hiyo inakaa kama mafiga chini ya sufuria. Akiunyoosha, inajipanga mstari mmoja. Mkono wa kushoto wa Kapend ulikuwa hivyo hasa, nami nilishangaa kwamba nimeishi miaka yote na mafiga katika mikono yangu bila kuyajua. Kwa upande wa kulia, figa la nyuma lilikuwa limekimbia. Lilikuwa limekwenda nyuma na juu, na hayo mengine mawili yamebaki peke yake. Nikarudi dirishani na kumwambia hivyo.

"Sawa. Anakunja?"

"Kidogo sana. Ukijaribu, inasukuma kurudia, sawa mulango iko na kintu nyuma yake."

"Sasa vidole. Iko na joto? Rangi ni moja na ile ingine? Ku mukono, pale munasikiaka damu inapiga, inapiga?"

Joto lilikuwepo, damu ilipiga. Lakini nilipogusa kidole kidogo, Kapend alisema ni kama nakigusa juu ya blanketi. Nilipomletea Mama Beya habari hiyo aliinamisha kichwa.

"Ile haiko fulire. Mufupa ilitoka mu nyumba yake," akasema. "Mutu asivute. Mutu asikande. Bamufunge vile iko, na kitambaa ku shingo, bamupeleke ku hopitali leo. Ikibakia inje, itakauka. Ikikauka vile, ule mukono hautafika ku kinywa tena. Unasikia? Ku kinywa."

Nilisikia. Kwetu bukari, ugali wetu, huliwa kwa mkono wa kulia. Mtu anayekula kwa kushoto huambiwa mengi, na mtu anayelishwa na mke wake akiwa na miaka ishirini na kitu huacha kuitwa mwanaume hata kama hakuna anayemwambia usoni.

Niliyapeleka maneno hayo sebuleni kwa utaratibu, kama nilivyoyapokea. Hilo ndilo lililonichosha zaidi katika maisha yangu ya baadaye pia: kwamba habari iliyo kamili, yenye kila kitu mahali pake, inaweza kuwekwa mbele ya watu na wakaitazama kama bakuli tupu. Tata Muteb alicheka, bila ubaya. "Weye mwenye ulianguka egzame, njo utatufundisha mifupa? Mi nilisikia ko. Bote balisikia ko."

"Kama imerudia, akunje," nikasema.

"Atakunja. Mufupa iko na haya, imetoka kuonekana na batu. Itakunja kesho."

Tantine alinivuta mpaka jikoni. Hakuwa mwanamke mjinga, na leo, akiwa ameshazikwa, nataka hilo lijulikane. Alikuwa ameshikwa pande zote. "Mama ya mutoto wa kike hawezi kutoa amri mu nyumba ya bwana," akaninong'oneza. "Leo atasema hopitali, kesho atasema tuhame. Na bale bazee? Niwaambie nini? Mikono yabo ilimuua mutoto yangu?" Nikamwambia hakuna aliyesema wamemuua. "Njo bile batasikia," akasema, na alikuwa sahihi.

Zikapita siku, kisha juma, kisha juma la pili likaanza. Mama Beya alikuja kila alasiri baada ya kazi, akakaa kwenye kigoda chake, na kwa kuwa hakuna aliyemsikiliza yeye wala mimi, akaanza kunifundisha, nadhani kwa ajili ya kutuliza hasira yake mwenyewe. Aliniambia bega likitoka, uduara wake unapotea, linabaki na pembe kama kona ya kabati, na mgonjwa hataki mkono wake uguse mbavu. Nyonga ikitoka, mguu unakuwa mfupi na goti linaangalia la pili. Mtoto mdogo akivutwa kwa mkono mmoja kuruka mtaro, mkono wake huning'inia, hauvimbi, na mama huapa kwamba ni uchawi. Kiungo kilichoteguka tu bado kinakubali kusogea kidogo kila upande, kwa maumivu; kilichotoka kinagoma. Na mara nyingi mfupa hutoka na pia kuvunjika, na hapo macho hayatoshi, inatakiwa picha. Tangu siku zile sikuweza tena kutembea Kapata kwa amani. Niliona mabega yenye kona kwa wabeba magunia, vidole vya makipa vilivyopinda na kuachwa hivyo, mzee mmoja muuza mkaa ambaye alikuwa na mguu unaotazama ndani tangu ajali fulani. Mji mzima ulikuwa umejaa mifupa iliyokaa nje ya nyumba zake, na kila mwenye nayo aliniambia kitu kilekile: walikanda, ikapoa.

Siku moja nilimwuliza kwa nini asiingie tu. Atazame kwa macho yake, amalize. Ndani ya zahanati aliona wanaume wengine kila siku.

"Nikiingia, nitaona mukono," akasema. "Bale bengine bataona mama mukwe aliona mwili ya mukwe. Wataongea ile mpaka batoto ya Nadège bakuwe bakubwa. Na Kapend ataondoka mu ile nyumba kwa haya, na mukono yake vile vile imetoka. Nitakuwa nimeponyesha nini?"

Nilikasirika naye pia. Niwe mkweli, nilikuwa nimekasirika na kila mtu: na wazee kwa ajili ya mikono yao, na Tantine kwa ajili ya adabu yake, na Kapend kwa kuvumilia, na Mama Beya kwa kukaa ameupa mgongo ukweli anaoujua. Kila nilipopima, vidole vya Kapend vilikuwa na joto, lakini kidole kidogo kilikuwa bado chini ya blanketi, na kiwiko, badala ya kulegea, kilikuwa kinakuwa kigumu kama fundo la mti. Mama Beya alisema nyama iliyojeruhiwa ikikandwa bila kukoma, mwili unachanganyikiwa na kuanza kujenga mfupa pasipotakiwa. "Wanamujengea kintu mule ndani," akasema. "Na shukrani tunabapa."

Alhamisi ya juma hilo la pili alifika asubuhi, siyo alasiri. Hakwenda kazini. Aliweka kigoda chake siyo uani bali mbele ya nyumba, karibu na mlango, akiangalia barabara. Nadège alimletea munkoyo. Alishukuru, akauweka chini, hakunywa. Mchana Tantine alipika kama anavyopikiwa mkwe: bukari nyeupe, kuku, sombe iliyotiwa karanga. Nikaipeleka mimi, nikapiga magoti. "Asante, mwanangu. Mama yako anapika muzuri," akasema, na hakunawa mikono. Chakula kikapoa kando yake, inzi wakaja. Watu walipita, wakasalimia, wakaona sahani. Wakapita tena kwa sababu ya kuona sahani.

Kwa mtu asiyetoka kwetu, mwanamke kutokula chakula cha mchana si kitu. Lakini mama mkwe aliyekaa mlangoni kwako na kukataa chakula chako hahitaji kusema neno. Anasema kwamba katika nyumba hii kuna jambo ambalo hawezi kulimeza. Mtaa mzima ulianza kujiuliza ni jambo gani. Nilimsikia Tantine kupitia ukuta, akitembea huku na huko. Tata Muteb alifika na chupa yake ya mafuta, akamkuta Mama Beya mlangoni, akaondoa kofia, akasimama. Hakuweza kumpita pale bila kuulizwa habari ya sahani ile. Akasema atarudi.

"Mama mukwe," Tantine akasema hatimaye, akiwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, "unatuua na haya. Nilikukosea nini?"

"Haukunikosea kintu."

"Basi kula."

"Njaa haiko."

"Unataka nini, mama? Sema, bote basikie."

"Mi sitaki kintu. Hii nyumba ni yako. Nilikuja kumungojea mukwe akwende ku hopitali, nimuangalizie binti yangu mulango."

Jua lilikuwa bado juu Tantine alipotoka na kitenge chake kizuri na kusema, kwa sauti ambayo nyumba tatu zingeweza kuisikia, kwamba yeye mwenyewe, kwa akili yake, ameamua mwanawe apelekwe hospitali. Mama Beya aliinuka, akatembea mpaka upande wa pili wa barabara, akageukia ukuta wa jirani, ili Kapend apate kutoka.

Daktari alikuwa kijana mwenye uchovu. Watu wetu sita walianza kumweleza kwa pamoja, naye akanyanyua mkono na kuuliza nani alikuwepo tangu siku ya kwanza. Nikasema: aliangukia kiganja, mkono umekunjwa kidogo, figa la nyuma lilihama saa ileile, ulivutwa mara moja na kukandwa kila siku tangu hapo, damu inapiga, kidole kidogo hakisikii vizuri. Aliandika bila kunikatiza, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoa habari na kuona mtu mzima anaifuata. Picha ilionyesha mfupa uliotoka, na kipande kidogo kilichovunjika, na wingu jembamba mahali ambapo nyama ilikuwa imeanza kugeuka. Alisema siku ya kwanza ingekuwa kazi ya muda mfupi. Sasa angejaribu kwa dawa ya usingizi na hakuahidi chochote. Alijaribu. Mfupa ulirudi, kwa shida kubwa. Baada ya plasta akaamuru Kapend aukunje mkono yeye mwenyewe, taratibu, kila siku, na mtu mwingine yeyote asiuguse. Tantine alisimamia amri hiyo kwa uongo mtupu: kila mzee aliyefika aliambiwa mgonjwa amelala, hata Kapend akiwa anasikika anacheka chumbani.

Jumapili moja karibu na mwisho wa mwaka wa shule Kapend alikubali kuujaribu mkono wake mezani. Nyumba ilijaa. Tata Muteb alikuja, akapewa kiti cha kwanza, na kabla ya sala akaeleza jinsi alivyoulainisha mfupa ule kwa siku nyingi mpaka daktari akaukuta tayari. Watu wakaitikia. Wengine walimshukuru. Nilitazama sahani yangu. Kapend alinawa, akamega tonge, akalichovya, akaanza kulipandisha. Mazungumzo yalikatika yenyewe.

Nilitoka nje nikaenda dirishani. Mama Beya alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo ukutani, mikono mapajani.

"Unaona nini?" akauliza.

"Kidole kidogo inasikia. Aliniambia asubuhi."

"Mukono."

"Ilipanda. Ilisimama chini ya kidevu, mama. Haikufika."

Ndani, viti vilikuwa vimeanza kusogea tena.

"Halafu?"

"Halafu akainamisha kichwa. Akaishukia na kinywa."

"Na ile tonge?"

"Aliikula."

"Kwa mukono gani?"

"Ile ya kulia."

Mama Beya akavuta pumzi, akafuta uso kwa ncha ya gauni lake, kisha akasema nimletee na yeye chakula, maana alikuwa hajala tangu asubuhi.